Kukosea Herufi Siyo Kukosa Akili, Tuache Kuwaambia Watu "Rudi Shule"

Wadau, leo tuongee kitu ambacho tumekizoea mpaka hatukioni tena.

Staa anaposti picha yake mpya. Kapendeza, gauni limemkaa, taa zimewaka zinavyotakiwa. Chini kaandika: "Nawapenda sana mashabiki zangu, Mungu hawabaliki." Dakika tano hazijaisha, picha hakuna anayeiongelea. Wa kwanza: "Rudi shule." Wa pili: "Darasa la saba huyo." Wa tatu kajaza vikatuni vya kucheka mpaka mstari umeisha. Mmoja anajitokeza kumtetea, bahati mbaya naye kaandika "mwachen jmn mnazngua", basi anaambiwa ni walewale. Jioni skrinishoti iko kwenye magrupu yote, na yule dada kashafuta posti.

Simtaji mtu, na wala msianze kubahatisha majina, kwa sababu hii stori haina mwenyewe mmoja. Leo ni staa, kesho ni dada anayeuza madera kwenye status, keshokutwa ni baba wa watu kwenye grupu la wazazi wa darasa la pili. Na hao wa mwisho hawana mashabiki wa kuwatetea wala meneja wa kuja kusema akaunti ilidukuliwa. Wanacheka kidogo kujifanya haijauma, halafu hawaandiki tena.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu. Namna mtu anavyoandika kwenye chati haikuonyeshi akili yake, na kila tunapoifanya kuwa mizani ya akili kuna watu tunawafunga mdomo. Baadhi yao ubongo wao haukuumbwa kuelewana na herufi kirahisi, na hilo halihusiani na ujinga hata kidogo.

"Lakini Kiswahili si kinaandikwa kinavyotamkwa?"

Najua mtasema hivyo, na hapo ndipo ukatili wetu unapoanzia. Kiingereza mtu akikikosea tunacheka, lakini moyoni tunajua ni lugha ya watu, ina mambo yake. Neno "knife" lina K mwanzoni ambayo haitamkwi, nani wa kulaumiwa? Kiswahili sasa, A ni A, ba ni ba, unaandika unachosikia. Kwa hiyo anayekosea tunamwona hana sababu yoyote ya kujitetea. Hesabu tunayopiga kichwani ni fupi sana: kitu rahisi kimemshinda, basi huyo ni kilaza.

Tuanze na sababu za kawaida kabisa kabla hatujafika kwenye hiyo kubwa.

Ya kwanza ni lugha ya nyumbani. Unaandika unachosikia, sawa, ila kila mtu anasikia na masikio aliyokulia nayo. Kisukuma kina L, R haimo kwenye sauti zake za asili. Kikuyu ni kinyume chake, R ipo na L ndiyo haimo. Mtu aliyekua na lugha hizo akiandika "nimefulahi" au "ninarara", amefanya kilekile mnachomwambia afanye, ameandika anavyotamka. H nayo ina vituko vyake. Mjini humuhumu kuna maelfu wanaoandika "hamesema" wakimaanisha amesema, na "akuna" wakimaanisha hakuna, na wengine wana digrii zao.

Tena hiki Kiswahili sanifu tunachokilinda kama mali ya babu, kuna watu walikaa kikao wakakichagua. Ulifanyika mkutano Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kikapewa nafasi ya kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha kwa nchi za Afrika Mashariki. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Mtu wa Kimvita mpaka leo anaita njia "ndia". Kikao kingeenda vingine, pengine "njia" ndiyo ingekuwa kosa na sisi ndio tungekuwa tunaambiwa turudi shule.

Ya pili ni chati yenyewe. Waliokuwa na simu za vitochi wanakumbuka meseji moja ilikuwa na nafasi ya herufi 160, ukizidisha unakatwa hela ya meseji ya pili. Ndiyo maana watu wakaanza "cna", "2po", "kbc", "mm na ww". Baadaye ikaja "xaxa", ambayo haiokoi herufi hata moja, ni mbwembwe tu. Kwa hiyo kuna kukosea na kuna kuandika kiujana, na mara nyingi sisi wenyewe hatuwezi kutofautisha. Anayeandika "xaxa" kwa makusudi ni mjanja, anayeandika "sasha" kwa bahati mbaya ni mshamba. Nani alipanga hivyo?

Ya tatu ni simu. Umeandika "sana", yenyewe inakuletea "Santa". Umeandika "hata", inakuletea "hate", na hapo mtu anaweza kuachwa kabisa.

Sasa tuje kwenye ile sababu ambayo hatuiongelei.

Kuna kitu kinaitwa disleksia. Wadau wengine mtakuwa mmelisikia hilo neno kwenye filamu au kwa mastaa wa nje. Ni hali ya ubongo kupata shida kuunganisha sauti za lugha na herufi zake. Mtu anaongea vizuri, anaelewa vizuri, anafikiri vizuri, ila neno likishakuwa maandishi linageuka mzigo. Anasoma taratibu kuliko wenzake, anaruka silabi, anapanga herufi sivyo, na neno aliloandika sawa mstari wa juu analikosea mstari wa chini.

Ngoja niseme pia isivyo, maana hapa ndipo uzushi ulipo mwingi. Siyo ugonjwa wa macho, miwani haiiondoi. Siyo uvivu. Siyo laana wala kurogwa. Haiambukizi, ila hutembea kwenye familia, kwa hiyo ukimkuta mtoto anahangaika na kusoma, muulize na baba yake alimalizaje shule. Haina dawa ya kumeza na haiishi ukubwani, lakini mtoto akifundishwa kwa hatua, sauti moja moja, kwa subira na kwa kurudiarudia, anasoma. Na haina uhusiano na kiwango cha akili. Anaweza kuwa nayo mwenye akili nyingi na anaweza kuwa nayo wa kawaida kama mimi na wewe.

Neno lenyewe lilitungwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, miaka ya 1880. Ila stori ninayoipenda ni ya mwaka 1896. Daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Kijana mchangamfu, mwepesi kwenye michezo, hesabu hazimsumbui. Amefundishwa tangu ana miaka 7. Lakini kusoma na kuandika, hola. Siku moja akaandika jina lake mwenyewe "Precy", na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka akasema kwamba kama masomo yangekuwa ya mdomo tu, huyu ndiye angekuwa kijana mwenye akili kuliko wote pale shuleni.

Rudieni hiyo sentensi taratibu. Mwenye akili kuliko wote, na jina lake halipatii. Leo hii angekuwa na akaunti, tungemwambia nini huyu Percy?

Ni wangapi walio hivyo? Makadirio yanatofautiana kulingana na kipimo kinachotumika, ila wataalamu wengi hutaja kati ya asilimia 5 na 10 ya watu. Chukua hiyo ndogo kabisa, asilimia 5. Grupu la ukoo lenye watu 60, hao ni 3. Darasa la watoto 80, hao ni 4. Grupu la mtaa lenye watu 200, hao ni 10. Hebu jiulize kwenye magrupu yako ni akina nani ambao wamo miaka yote na hujawahi kuona wakiandika zaidi ya "Amina" na "Hongera".

Sasa rudini kwenye ile hoja ya Kiswahili kuandikwa kinavyotamkwa, kwa sababu hapa pana jambo.

Mwaka 2001 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano ni kama Kiswahili, unavyokisikia ndivyo unavyokiandika. Kiingereza na Kifaransa mnavijua wenyewe. Kwenye kusoma, Waitaliano walifanya vizuri kuliko wenzao. Ungeangalia hapo tu ungesema Waitaliano hawana tatizo. Lakini wote walipowekwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakiwa wanasoma, sehemu ileile ya upande wa kushoto wa ubongo ilikuwa inafanya kazi kwa kiwango cha chini, Mwitaliano, Mfaransa na Mwingereza. Tatizo lilikuwa lilelile. Lugha rahisi ilikuwa imelifunika tu.

Sisi na Kiswahili chetu tuko upande wa Waitaliano. Mtoto mwenye disleksia hapa kwetu anaweza kufika mbali bila mtu kushtuka. Darasa la kwanza na la pili ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Anasoma polepole, lakini ba-be-bi-bo-bu ni ileile kila siku, haimgeuki. Mengine anakariri, mengine anasikiliza mwenzake akisoma naye anafuatisha. Mwalimu ana watoto themanini mbele yake, atamjuaje? Anachokiona ni mtoto anayechelewa kunakili ubaoni, basi anaandika "mzembe" kwenye ripoti. Nyumbani wanaisoma hiyo ripoti, na kinachofuata mnakijua, wengine mnacho mgongoni.

Halafu anaingia kidato cha kwanza. Masomo karibu yote yanageuka Kiingereza kwa mkupuo, lugha ambayo herufi zake hazina adabu. Hapo ndipo kile kilichokuwa kimefunikwa kinafunuka chote. Aliyekuwa anajikongoja anaanguka. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia ana nini, anachukua jibu linalopatikana karibu: mimi sina akili. Anaondoka nalo hilo jibu shuleni, anaingia nalo mtaani, anaolewa nalo, anafungua nalo biashara. Miaka kumi baadaye anaandika posti ya "thelasini tu mzigo umeingia leo", wewe uliyelala kitandani na bando la wiki unamthibitishia kwamba kweli hana akili.

Hiyo ndiyo bei ya komenti ya maneno mawili.

Na wengi hawajui kabisa kama wanayo. Hawana cheti cha daktari cha kuwaonyesha. Wanachojua ni mbinu walizojitengenezea za kuishi na sisi. Kuna yule ambaye kila ukimwandikia anakupigia. Kuna yule wa voisi, hata jibu la "ndiyo" analituma kwa sauti. Kuna anayefowadi kadi za asubuhi njema, kwa sababu maneno yameshaandikwa na mtu mwingine. Kuna anayejibu kwa vidole gumba tu tukasema ana dharau. Kuna anayekaa dakika kumi, unaona kabisa "anaandika…", halafu inakuja "poa". Wewe ukawaza anachati na mwingine. Kumbe alikuwa anaandika, anafuta, anaandika, anafuta, akachoka.

Kwenye mapenzi ndiyo msiseme. Kuna watu wanajisifu kabisa kwamba hawawezi kutoka na mtu anayechanganya R na L. Eti inawakata stimu. Sawa, kila mtu ana vigezo vyake, mwingine anataka mrefu. Lakini usikiite hicho kigezo "nataka mtu mwenye akili", kwa sababu akili hujaipima. Umepima herufi. Kuna matapeli wa mapenzi wanaoandika Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari, na mnawajua.

Kwenye kazi pia. Fundi ameandika "bei ya kuleketebisha fleji", ukamhamia mwenye tangazo lililopangika. Swali lako lilikuwa anajua kutengeneza friji au anajua kuandika friji?

Sasa wapo watakaonijibu, na hoja zao siyo za kudharau.

Wa kwanza watasema, basi tuache lugha iharibike? Hapana. Kuna sehemu herufi ni lazima zinyooke. Maelezo ya dawa, mkataba wa nyumba, kitabu cha shule, habari ya gazeti, tangazo la serikali. Hapo kosa moja linaumiza mtu, na hapo kuna mhariri anayelipwa kwa kazi hiyo. Chati siyo sehemu hiyo. Chati ni mazungumzo yanayopita kwenye vidole. Mtu akigugumia mbele yako kwenye daladala hausimami kumwambia arudi shule. Kwa nini akigugumia kwa vidole umfanyie hivyo? Na sijaona lugha iliyookolewa na vikatuni vya kucheka. Aliyechekwa hajifunzi kuandika vizuri, anajifunza kutoandika.

Wa pili watasema mastaa ni kioo cha jamii, wana hela, waajiri watu wa kuwaandikia. Wengine wameshaajiri, ndiyo maana siku hizi posti zao zote zinafanana kama tangazo la sabuni. Kila mtu kaogopa. Mimi bora nimsome staa anayekosea lakini ni yeye anayeongea. Na kioo cha jamii maana yake ni kwamba yule mtoto anayehangaika na daftari amekaa anaangalia tunavyomfanyia staa wake. Anapata ujumbe wake mapema sana.

Wa tatu watasema makosa ya herufi ndiyo dalili ya tapeli. Jamani, ile "hiyo hela itume kwenye namba hii" mbona wengi wetu tumeipokea ikiwa imeandikwa safi kabisa, nukta mahali pake? Kinachomkamata tapeli ni kupiga simu na kuhakiki, siyo kuhesabu R na L. Ukitegemea herufi, tapeli aliyesoma atakupitia na fundi mwaminifu utamkimbia.

Na ipo hoja ya nne, hii ni yangu mwenyewe. Tusigeuke sasa tukaanza kumpa kila mtu disleksia. Ukiona kosa usikimbilie kuandika "pole, nadhani una disleksia", hiyo nayo ni dharau iliyovaa suti. Hujui. Inaweza kuwa lahaja, inaweza kuwa simu, inaweza kuwa anaandika huku anakaanga vitumbua, inaweza kuwa shule aliachishwa mapema akalee wadogo zake. Kwa sababu hujui, njia ya heshima ni moja kwa wote: jibu alichosema.

Kuna kitu kingine watu hupenda kufanya wakiongelea disleksia, nacho ni kuleta orodha ya mabilionea. Na kweli wapo. Steven Spielberg, mtengenezaji wa "E.T." na "Jurassic Park", alieleza hadharani mwaka 2012 kwamba ana disleksia, na aligundua akiwa mtu mzima wa miaka karibu 60. Benjamin Zephaniah, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 2023, aliacha shule akiwa na miaka 13 bila kujua kusoma sawasawa, akaja kujua ana disleksia alipokuwa darasani na watu wazima, na bado akaandika mashairi, akaandika riwaya, akawa profesa wa chuo kikuu. Hawa ni mifano mizuri, mwonyeshe mtoto wako. Lakini binadamu hahitaji kuwa Spielberg ndipo tumheshimu. Dada wa madera anatosha kuwa dada wa madera. Heshima yake isisubiri Oscar.

Basi tufanyeje? Mimi naona ni mambo madogo, hayahitaji semina.

Kama umeelewa, jibu. Alikuuliza "utakuja sahangapi", wewe sema saa kumi, yaishe. Kama hujaelewa, uliza kama unavyouliza ukiwa hujasikia: "Unamaanisha kesho saa nne asubuhi?" Hapo hakuna aliyeaibika.

Kama kuna kosa ambalo kweli litamletea hasara, kwa mfano bei imekosewa au jina la marehemu kwenye tangazo la msiba, mfuate pembeni. Siyo grupuni mbele za watu. Hata mavazi yakikukaa vibaya unanong'onezwa, hutangaziwi kwenye spika.

Voisi zipokeeni. Najua zinaudhi, hasa ile ya dakika nne inayoanza na "aaah". Lakini kwa mwingine hiyo ndiyo kalamu. Na ukiwa msimamizi wa grupu, acha ile sheria ya "hatupokei voisi humu".

Usimtegee mtu kusoma. Hili ni la kwenye shughuli, na linaumiza sana. MC anamshika mtu mkono, anamkabidhi risala asome mbele ya ukumbi, bila kumwuliza kabla. Yule mtu anaanza kutafuta miwani ambayo hana. Tukiwa tunacheka "kazoea kuongea tu", kumbe tumemvua nguo. Mwulize mapema, au mpe nakala wiki moja kabla, au mwache aongee kwa kichwa chake. Huenda akaongea kuliko wote.

Na wewe ambaye umefika mpaka hapa kwa kuhema, umeusoma mstari mmoja mara mbili, na ulishafuta komenti nyingi kuliko ulizotuma: huna upungufu wa akili. Simu uliyonayo inaweza kukusaidia. Kuandika kwa sauti kwenye huduma za Google kumekuwa kukipokea Kiswahili tangu 2017, unaongea yenyewe inaandika, ukimaliza unarekebisha kidogo. Simu nyingi pia zinaweza kukusomea maandishi kwa sauti. Tafuta mtu mmoja unayemwamini akupitishie macho kwenye yale yanayohusu hela na kazi. Na kama una mtoto anayehangaika kama ulivyohangaika, mwambie mapema kile ambacho wewe hukuambiwa, kisha ongea na mwalimu wake kabla neno "mzembe" halijaingia kwenye ripoti.

Wengine wote tubaki na swali moja tu la kujiuliza kabla kidole hakijagusa kile kikatuni cha kucheka. Nimemwelewa au sijamwelewa? Kama nimemwelewa, basi maandishi yake yameshafanya kazi yake.

Uwanja wenu sasa. Nani kwenye maisha yako alinyamazishwa na herufi? Andika unavyoweza. Tutakuelewa.